Mlango Nilioupuliza Rangi Mapendo

Mimi ni mtu wa usafi wa kupita kiasi. Mke wangu alikuwa akisema kwamba siku ya kufa kwangu nitaomba kwanza jeneza lipigwe msasa. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari mjini Goma, na chaki ikiniangukia kwenye suruali nilisimamisha somo nikajipangusa, wanafunzi wakicheka chini chini. Katika mji ambao vumbi lake ni jeusi na mawe yake yanakata viatu, mtu wa tabia hiyo anajitafutia ugonjwa wa moyo. Na mimi sikutosheka na viatu, nikawa na gari.

Gari lilikuwa la kaka yangu mkubwa. Alipohamia Butembo moja kwa moja aliniachia funguo, akaniachia na masharti: nisibebe mbuzi, nisibebe makaa, nisiondoe plastiki kwenye viti. Sisi ni wa damu moja, kwa hiyo masharti hayo hayakunisumbua. Lilikuwa gari dogo la bluu. Ua wangu haukuwa na mlango wa kulipitisha, basi lililala nje, kwenye kona ya mtaa wetu wa Mapendo, upande mmoja ukikaribia kugusa ua na mwingine ukitazama njia. Likawa alama. Watu walielekezana kwa gari langu: ukifika pale kwenye gari ya bluu, kata kushoto. Nilijifanya jambo hilo linanikera, na huku kichwa kimenivimba.

Siku ninazozikumbuka hapa, vita vilikuwa vimekaribia tena kutoka upande wa Rutshuru. Watu waliingia mjini kwa makundi, godoro kichwani, sufuria mkononi, na njiani walipotezana. Simu zilikuwa za wachache, na aliyekuwa nayo hakuwa na mahali pa kuitia moto wa umeme. Kwa hiyo watu waliandikiana kwenye kuta. Mtu alichukua kipande cha kaa jikoni mwa mwenyeji wake, akaandika kwenye ukuta wa kanisa, wa shule, wa duka lililofungwa: tumepita hapa, tuko mahali fulani, bibi yuko mzima. Kila mkaaji wa Goma alijua heshima ya maandishi yale. Hukuyafuta. Hata matajiri wenye kuta nyeupe waliacha mvua ifanye kazi yake yenyewe. Mimi nilikuwa nikipita karibu na kuta zile na kuwasifu wenye nyumba kwa uvumilivu wao. Ua wangu ulikuwa wa mbao, nimezipaka mafuta machafu ya injini ili mchwa wasizile. Zilikuwa nyeusi tititi, na kaa halionekani kwenye weusi.

Jioni moja, jua bado liko, nilikuwa nafuta vioo vya gari kwa gazeti. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa kwa adabu. Nilipogeuka nikaona binti wa miaka kama kumi na miwili, amemshika mkono mdogo wake wa kike. Walikuwa na furushi moja la kitenge. Matope yalikuwa yamewapanda hadi magotini na kukauka. Yule mkubwa aliniamkia vizuri, akanieleza kwamba wamepotezana na mama yao huko Kibumba, watu walipoanza kukimbia. Mama yao huwa analeta maharagwe kuuza sokoni Birere, alisema, na akija mjini hupita hapa kwenye kona hii kila mara. Lazima atapita.

“Papa, tunaomba tukae tu mu motokari, tungoje mama,” aliniambia. “Hatutagusa kitu.”

Nilimjibu kwamba nyumba imejaa. Hilo lilikuwa kweli: ndugu za mke wangu walikuwa wamekwisha kuja kutoka Rutshuru, tulikuwa tunalala hadi chini ya meza, na maharagwe tulikula kwa zamu. Mtu yeyote angenielewa. Lakini yule binti hakuwa ameomba nyumba. Aliomba viti viwili vya nyuma, na mimi nilikuwa nimetazama miguu yao, nikaifikiria ile plastiki. Nilisema nyumba imejaa kwa sauti ya mwalimu anayefunga somo. Akaniambia aksanti papa, akavuka njia na mdogo wake, wakakaa chini ya kibaraza cha kibanda kilichokuwa kimefungwa.

Sikumwambia mke wangu. Asubuhi nilipotoka kwenda shuleni, ambako hapakuwa na masomo ila tulikwenda kusaini, niliwaona bado pale, wamejikunyata, kitenge kimewafunika wote wawili. Nilipita nikitazama saa yangu, kama mtu aliyechelewa. Sikuwa nimechelewa.

Nilirudi saa sita. Kwenye kona palikuwa na watu watano au sita wamesimama wakitazama gari langu, na nilipokaribia walinipisha. Kwenye mlango wa mbele wa upande wa njia, kutoka bawaba hadi kwenye mkono wa kufungulia, mtu alikuwa amekwaruza maandishi. Hayakuwa ya kaa. Yalikuwa ya msumari, yamezama, rangi imebanduka na chuma kimetokeza. Aliyeandika alikuwa amepitia shule, herufi zilisimama vizuri, mistari miwili iliyonyooka:

MAMA APA BALITUKATALA
TUNAENDA LAC VERT NA BATU YA KWETU

Jirani mmoja, mtu wa mzaha, alinishika bega akasema, “Mwalimu, gari yako imeanza kufundisha kusoma.” Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kuniokoa aibu. Niliambiwa kwamba kundi la watu wa kijiji chao lilipita asubuhi na kuwachukua wale watoto kwenda Lac Vert, kando ya njia ya Sake, na yule mkubwa aliwaomba wamngoje kidogo tu aandike. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikitikia uharibifu. Damu ilikuwa inanichemka, lakini si kwa ajili ya mkwaruzo. Ningeuvumilia mkwaruzo, ningeringa hata kwa uvumilivu huo. Ilikuwa kwa ajili ya ule mstari wa kwanza. Hapa. Hapa walitukatalia. Mimi niliyekuwa nasoma masomo ya misa kila Jumapili mbele ya parokia nzima, nilikuwa nimeandikiwa mlangoni kwa msumari, na kila anayekata kushoto angesoma.

Mke wangu alitoka, akasoma taratibu, midomo ikimchezacheza. Akaniuliza watoto hao walikuja lini. Nikamwambia sikuwaona. Aliniangalia, kisha akaingia ndani.

Siku iliyofuata nilikwenda Birere kununua makopo ya kupuliza, yale tunayoyaita bombe. Kila mtu mle sokoni alikuwa anatafuta unga, mafuta ya kula, dawa ya kuhara. Mimi nilikuwa napita vibanda vya vipuri nikiuliza bluu. Muuzaji mmoja alinitolea makopo manne ya bluu, kila moja na bluu yake, nikayatoa juani kuyalinganisha na kifuniko cha tangi la mafuta nilichokuwa nimekifungua na kukiweka mfukoni. Alinisifu kwa akili hiyo. Nikachukua bluu makopo mawili, rangi ya kijivu ya chini, vernisi ya kung'arisha, mastiki na karatasi za msasa, za kukwaruza na za kulainisha. Niliporudi nimezifunga kwenye mfuko mweusi, nilikutana na watu wamebeba wagonjwa kwenye mgongo, na nikauhamishia mfuko mkono wa upande wa pili.

Kazi ile naijua, na siwezi kusema uongo kwamba sikuifurahia. Kwanza niliuosha mlango kwa sabuni, nikaupangusa kwa petroli kidogo ili mafuta yote yatoke. Nikafunga msasa mkali kwenye kipande cha ubao, nikaanza kusugua. Mwenye kupaka rangi nyumbani mara nyingi hukosea hapo: huona mkwaruzo, akapuliza rangi juu yake, na kesho yake mkwaruzo uko pale pale, umevaa nguo mpya tu. Mtu anayejua kazi hushuka hadi kwenye chuma. Kama ningekuwa fundi mbovu, maneno yale yangebaki yanasomeka chini ya rangi. Lakini mimi si fundi mbovu. Nilisugua mstari wa kwanza mpaka ukaisha. Nilipofika kwenye mstari wa pili nilisimama. Ule wa pili haukuwa umenikosea kitu. Nikajiambia kwamba mama yao akija nitamwelekeza kwa mdomo. Kichwa kinachobeba kanuni zote za jometri hakishindwi kubeba Lac Vert. Nikaendelea kusugua.

Mashimo yaliyobaki niliyajaza mastiki kwa kadi ngumu, nikaingoja ikauke, nikaisugua kwa msasa laini na maji mpaka kiganja kikapita bila kusikia kitu. Nilifunika kioo na mkono wa mlango kwa magazeti. Nikamwagia maji ardhi yote inayozunguka gari ili vumbi lilale, nikatundika shuka la kitanda kwenye mti wa ua kuzuia upepo wa ziwa. Maji hayo wageni walikuwa wameyapangia foleni tangu alfajiri. Mke wangu alinikuta ninayamwaga. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba nyumbani mwake kuna watoto ambao hawajaoga siku nne, na gari limeoga mara mbili.

Nilimjibu jambo fulani kuhusu thamani ya vitu. Silikumbuki vizuri na sitaki kulikumbuka.

Kijivu kilikwenda vizuri. Unalitikisa kopo mpaka kile kigololi cha ndani kigonge huru, unalishika mbali na chuma kiasi cha shubiri moja na nusu, unapuliza ukitembea, usisimame, maana ukisimama rangi inatiririka. Pazia la kwanza la rangi liwe jembamba, uone chini yake. Ungoje. Pazia la pili. Ungoje tena. Kutoka kaskazini tulikuwa tunasikia milio ya silaha nzito, na kila iliposikika wageni wetu walinyamaza wakahesabu umbali. Mimi nilikuwa nahesabu dakika za kukauka. Siku ya bluu nilipuliza mapazia matatu, na nilipoondoa magazeti nikaona imekubali: mlango ule na ule wa nyuma yake usingeweza kuitofautisha. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikatazama. Nilijisikia mtu safi. Yule jirani wa mzaha alipita, akanyanyua kofia yake mbele ya gari.

Vernisi niliiacha kwa Jumapili asubuhi, kabla ya misa, kwa sababu Jumapili malori hupungua na vumbi pia. Niliipuliza saa moja, ikang'aa kama maji. Nyumba nzima ilikuwa inakwenda kanisani. Aliyebaki ni shangazi mzee wa mke wangu, ambaye alikuwa amefika Ijumaa na miguu yake imevimba kwa kutembea. Alipofika yeye mlango ulikuwa tayari wa kijivu. Hakujua kwamba uliwahi kuandikwa kitu, na hapakuwa na wa kumwambia. Nilimwekea kiti kivulini karibu na gari, nikampa fimbo, nikamwomba awafukuze kuku na watoto, mtu yeyote asiguse. Alikubali kwa heshima zote, kama mgeni anayefurahi kupewa kazi.

Nilisoma somo la pili siku ile. Watu waliniambia nimesoma vizuri.

Tuliporudi, mimi nilitangulia. Kwa mbali niliuona mlango unang'aa, nilipofika karibu nikaona alama. Vidole vinne vilikuwa vimepita juu ya vernisi ikiwa bado laini, kutoka bawaba hadi kwenye mkono wa kufungulia, polepole, kwa mistari miwili: wa juu, kisha wa chini. Nilipandwa na hasira nikamfokea yule mama mzee, mbele ya wageni, mbele ya jamaa zake. Nilimuuliza fimbo ilikuwa ya nini. Mke wangu akaniambia ninyamaze. Shangazi alikuwa amesimama kwa shida, ameshika ua, na alipoanza kueleza alichanganya Kinyarwanda na Kiswahili kwa woga, mke wangu akimsaidia.

Alisema amekuja mwanamke. Hakuwa na viatu. Alilizunguka gari mara mbili, akachuchumaa, akatazama milango yote minne, hata chini yake. Shangazi alimwambia rangi ni mbichi, asiguse. Mwanamke akamwomba samahani. Akaeleza kwamba mtu wa kwao, akiwa juu ya lori, alimwona binti yake anaandika kwenye mlango wa gari la bluu, hapa kwenye kona ya Mapendo. Shangazi akamjibu kwa kweli yote aliyokuwa nayo: mama, tangu nifike gari hii haina maandishi. Ndipo mwanamke akaweka vidole juu ya mlango akavipitisha hivi, taratibu, kama mtu asiyeona. Akarudia chini yake. Kisha akauliza kama Mapendo kuna gari lingine la bluu. Shangazi akasema pengine liko, mji ni mkubwa. Mwanamke akashukuru, akaenda.

Mke wangu aliutazama mlango, akanitazama mimi, na nikajua kwamba yale aliyoyakisia tangu siku ya kwanza sasa anayajua. Hakunisaidia kwa kunigombeza. Aliniambia tu, “Enda umutafute.”

Nilimtafuta. Nilikimbia Birere nikiwa bado na suti ya misa, nikauliza wauza maharagwe, nikaingia kwenye madarasa ya shule ambako watu walilala kati ya madawati, nikazunguka parokia mbili. Nilikuwa naulizia mwanamke asiye na viatu anayetafuta watoto wake. Walikuwa wengi. Mmoja alinyanyuka haraka sana niliposema nina habari za binti, na ilinibidi nimwambie si yeye ninayemtafuta. Mpaka jua linazama, kila gari la bluu nililoliona nililitazama kama kuna mtu anayelizunguka.

Jumatatu asubuhi nilichukua gari, nikaelekea njia ya Sake. Niliwaza kwamba kama nimemkosa mama, angalau niwapate watoto, niwalete mjini, tumtafute pamoja. Uso wa binti yake angeutambua kuliko wangu. Nilikuwa nimefungua milango ya nyuma na kuondoa plastiki kwenye viti. Naandika hilo ili lijulikane, ingawa najua halinipunguzii kitu.

Lac Vert watu walikuwa wamejipanga juu ya mawe meusi, chini ya turubai na majani ya migomba. Niliuliza kijiji kwa kijiji, na saa nne nikawapata watu wao. Walikuwa wanafunga mizigo. Habari ilikuwa imefika kwamba njia ya kaskazini imefunguka, na lori lilikuwa limekubali kuwarudisha kwao. Yule binti aliliona gari kabla hajaniona mimi. Alikuja akitembea haraka, mdogo wake nyuma, lakini hakunitazama usoni. Alitazama mlango. Aliutazama kuanzia bawaba mpaka kwenye mkono wa kufungulia.

“Papa, mulipakala rangi,” alisema.

Nikasema ndiyo, nilipaka. Nikasema nilisoma walichoandika, chote, na nilifuta, na haikufaa kufuta. Na jana, nikasema, mama yao alikuja pale kwenye kona, akatafuta, akakosa. Nilitegemea alie. Nilitegemea anitukane, na watu wa kwao waliokuwa wamekusanyika wanitukane. Lakini yule binti alikuwa amesikia neno moja tu katika maneno yangu. Alimgeukia mdogo wake akamwambia mama yuko hai, mama alifika Goma jana. Mdogo akaanza kurukaruka juu ya mawe yale makali bila kusikia maumivu. Wanawake wakapiga vigelegele. Binti akapiga magoti akaanza kufungua furushi, kwa kuwa hawaendi tena popote, kisha akanyanyua uso akanishukuru. Alinishukuru mimi. Nilisimama pale nashukuriwa, nikatamani ardhi ile ya mawe ipasuke.

Nikamwambia waingie garini, twende. Alikuwa amekwisha kushika mkono wa mlango, kiganja chake kiko juu ya zile alama, alipouliza, kwa furaha tu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

“Na mutoto, analia bado? Alikuwa naye mu mugongo?”

Nilimuuliza mtoto gani. Akasema mdogo wao wa mwisho, mwenye miezi saba. Mama alimbeba mgongoni siku ile ya Kibumba. Mama hamshushi hata akipika.

Nilikuwa nimeapa njiani kwamba yule binti sitamdanganya tena. Shangazi alikuwa amenieleza kila kitu kuhusu yule mwanamke, mpaka kitenge chake na jinsi alivyokifunga kiunoni. Nikasema, “Hakuwa na mutoto. Alikuwa yeye peke yake.”

Aliuachia mkono wa mlango. Baadhi ya wanawake walikuwa tayari wameweka mikono vichwani. Wao walikuwa wameelewa, na naamini naye alielewa, lakini alikuwa na miaka kumi na miwili na mdogo wake alikuwa anamtazama.

“Basi haikuwa mama yetu,” alisema. “Mama yetu iko na mutoto.”

Nilijua alikuwa mama yao. Ni nani mwingine angeambiwa kwamba binti yake aliandika kwenye gari la bluu la Mapendo? Ilinipasa kusema hivyo. Ilinipasa kumwambia kwamba huenda mtoto ameachwa kwa mtu mwema, huenda yuko hospitali, mambo mengi huwa. Wazo hilo lilinijia baadaye, nikiwa nimefika Mugunga njiani kurudi, peke yangu na viti vitupu. Pale kwenye mawe nilimwona anafunga tena furushi, anakaza fundo kwa meno, na sikufungua mdomo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijiambia kwamba nilimhurumia, kwamba ni nani mimi kumwambia mtoto kwamba mdogo wake amekufa. Padri mmoja niliyemwambia hivyo alikubali. Lakini kwa padri nilificha sehemu moja, na sehemu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Aliposema haikuwa mama yao, kitu kilichokuwa kimenikaba tangu Jumapili kiliachia. Nilipumua. Kama hakuwa mama yao, basi mimi sikumpoteza mtu. Nilipata nafuu, nafuu ya kweli, mwili mzima, mbele ya wale watoto wawili, na nilitaka aendelee kusema hivyo.

Lori likapiga honi. Nililichukua furushi lao mwenyewe, nikalibeba hadi pale, nikalipandisha juu. Kisha nikamnyanyua yule mdogo, nikamshika mkono yule mkubwa akapanda, nikawatakia safari njema.